Baiskeli ya Kumbakiza Mama Kijijini

Kama si dada Neema kutaka kumhamisha mama, mpaka leo ningekuwa nimekaa kibarazani kwangu Nyololo, nikitazama malori yanavyopanda kwenda Zambia. Ni kazi ninayoimudu. Lakini kikao cha familia, kilichofanyika kwenye simu mimi nikiwa nimejifunika blanketi, kiliamua hivi: mama ana presha, anaishi peke yake huko ndani kwenye misitu ya misindano, na mvua za kifuku zikianza bodaboda wanagoma kwenda kwa sababu ya utelezi. Basi ahamie Mbeya kwa dada. Mama akakataa. Alisema kwa dada hakuna hata pa kupanda boga. Ndipo mimi, ninayeishi karibu naye kuliko wote, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mwacheni. Nitamfikia kila Jumamosi, hata kwa baiskeli."

 Dada akacheka mpaka simu ikakoroma.

"Wewe? Wewe unayeaga ukienda dukani ng'ambo ya barabara?"

Tukakubaliana. Jumamosi moja tu nisipofika, mama anafungashwa. Na baiskeli tungeichagua wote wawili huko Mbeya, kwa kuwa dada haniamini hata kuchagua nyanya.

Kabla ya safari nilisoma ushauri kwenye simu. Wataalamu walisema kwanza nijiulize mimi ni mwendeshaji wa aina gani. Nikajiuliza. Mimi ni mwendeshaji wa aina ya kukaa. Wakasema ninunue na glovu, miwani, na suruali yenye sponji makalioni. Hapo kwenye sponji niliona watu hawa wana utu. Mengine nikayaacha.

Asubuhi ya safari, Nyololo ilikuwa imemezwa na ukungu. Nilivaa sweta mbili, nikafunga mlango, nikarudi kuhakikisha nimefunga, nikaagana na jirani kana kwamba naenda kusoma ng'ambo, nikapanda basi.

Makambako, mama mmoja alikaa kando yangu na ndoo ya parachichi mapajani.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, mama."

"Sweta zote hizo unaenda wapi, baba?"

"Mbeya. Nanunua baiskeli."

"Mafinga hapo nyuma hakuna baiskeli?"

"Zipo."

"Ee," akasema, akageukia dirishani, akaniacha na akili zangu.

Tulipoteremka Igawa na kuingia bonde la Usangu, joto likanivua sweta zote mbili. Pembeni mwa lami wanaume walipita na zile baiskeli nyeusi nzito, magunia ya mpunga nyuma, na juu ya gunia mtu amekaa anakula muwa. Sikuona hata mmoja anayejiuliza yeye ni mwendeshaji wa aina gani.

Mbeya nilipokelewa na mvua, na dada akiwa ndani ya gambuti. Akanikagua juu mpaka chini.

"Umekuja kweli. Nilidhani utaniambia basi limekuacha ukiwa ndani yake."

Tukaenda moja kwa moja Mwanjelwa, kwa kijana mnene mwenye baiskeli za mtumba zilizoning'inia hadi darini. Macho yangu yakaenda yalipotaka: moja ya njano, springi mbele, springi katikati, rangi mpya. Baiskeli ya mtu anayeonekana anajua anakokwenda.

"Hii," nikasema.

"Mambo ya milimani haya, broo," kijana akaunga mkono.

Dada akaisogelea. Aliishika usukani akaitoa nje kwenye mvua, akaniamuru nipande na kukanyaga hadi kona. Nikakanyaga. Baiskeli ikawa inashuka na kupanda chini yangu, mimi nahema, yenyewe inaitikia tu.

"Inapiga magoti kila anapokanyaga," dada akasema. "Inamsalimia nani?"

"Hiyo springi inanyonya mashimo, mama," kijana akamwambia dada.

"Inanyonya na nguvu za huyu. Na huyu hana za kugawa."

Kijana akacheka, nami nikacheka nusu. Dada akaanza kupita baiskeli moja moja kama anayechagua kuku. Breki za mpira za kubana rimu akazikataa; alisema mvua ikinyesha hizo zinaimba tu, wakati mtu ameshaingia mtoni. Akataka za diski, hata zile za kuvutwa na waya, maana bei yake inavumilika. Akapitisha vidole kati ya tairi na foki kuona kama pana nafasi. Mwisho akaivuta moja ya kijivu, imechubuka, haina springi yoyote, tairi pana zenye kashata kubwa za kung'ata tope, gia chache.

"Ibebe begani," akaniambia.

"Dada, baiskeli ndiyo inanibeba mimi."

"Wewe ibebe."

Nikaibeba. Sikuanguka. Akaanza kupatana bei, na wakafika mahali ambapo muuzaji analalamika na mnunuzi naye analalamika, ndipo nikajua ni bei ya haki.

"Haina madigadi, haina keria, haina kengele," nikanung'unika.

"Iache hivyohivyo," kijana akasema. "Hii kazi yake ni tope."

Niliporudi Nyololo na baiskeli ndani ya buti la basi, jirani yangu baba Eliza aliizunguka kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Sasa jirani, mbona iko uchi?"

Msomaji wa kwetu anaelewa. Huku mtu mzima haendeshi baiskeli isiyovaa. Kijana wa sekondari, sawa. Lakini baba mwenye nyumba, aende kwa mama yake mzazi na baiskeli ya uchi, afike ana mstari wa tope mgongoni? Watu watasema amekosa wa kumshauri. Kwa hiyo fundi wetu akaivika: madigadi za bati za kukinga tope mbele na nyuma, zimebana tairi vizuri, vipande vya mpira vyenye maua vikining'inia, keria, kengele. Ilipokamilika ilifaa kupelekwa kanisani kupata kipaimara.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuja kifuku kikiwa kimekolea, na mvua ya tangu alfajiri. Kwenye lami nilikuwa mfalme. Niliwapigia kengele hata mbuzi ambao hawakuwa njiani. Kisha nikakata kushoto, nikaingia njia ya udongo mwekundu kwenda kwa mama.

Hapo kwenye kilima cha kwanza tope lilipanda na tairi, likaingia chini ya madigadi zangu za heshima, likajaa, likakaa. Gurudumu likasimama. Nikachokonoa kwa kijiti, nikaenda hatua chache, likajaa tena. Haiendeshwi, na sasa haisukumiki. Nikaibeba, lakini ilikuwa imevaa bati na kilima kizima cha Mufindi. Simu haikuwa na mtandao. Jua, lile lililokuwa nyuma ya mawingu, lilikuwa linateremka, na Mbeya dada alikuwa anangoja kusikia kama nimefika.

Spana nilikuwa sina. Mtu aliyevaa vizuri habebi spana. Nikaikanyaga madigadi ya nyuma, nikaikunja huku na huku mpaka bati likakatika. Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani akasimama kunitazama.

"Unaivua?"

"Naivua."

"Baridi yote hii?"

Nikaendelea na ya mbele. Alipoona natupa, akasema, "Lete hilo bati la nyuma, baba, nikakingie maji." Nikampa, akaenda nalo kichwani.

Baiskeli ikiwa uchi tena, ikaenda. Tope lilibanduka kwenye kashata na kuruka, gia ndogo ikanipandisha, na kwenye mteremko wa mtoni breki zikashika nilipoziomba. Nilifika kwa mama giza likianza kuingia, tope limenichora kuanzia kiunoni hadi kisogoni.

"Geuka," mama akasema. Nikageuka. Akacheka mpaka akakaa.

"Subiri kwanza, mama. Nipande pale penye mtandao nimpigie dada kabla hajakodi gari."

"Usipige. Nilipanda pale mchana, nimeshaongea naye."

"Mchana? Ukamwambia nini?"

"Kwamba umefika mapema, umekula, umelala."

"Na akaamini?"

"Nilipofika kwenye kulala, akaamini."

Jumapili baada ya ibada alinisindikiza hadi mwisho wa shamba la mahindi. Nilichojifunza, nawaachia wenzangu wa vibarazani: msinunue springi za kuwasaidia kuchoka, angalieni nafasi ya tope kupita, na mnunue breki kabla ya rangi. Sponji bado naitafuta.

Nikapanda, nikashuka tena.

"Mama, na kama jana nisingefika kabisa?"

"Ungefika leo," akasema, akiinama kugeuza boga lisioze upande mmoja. "Kwani mimi nilikuwa naenda wapi?"