Programu Isiyopewa Jina la Mkato

Tangu kiharusi kimnyang'anye mkono wa kulia, Mzee Kebo aliandika kwa kidole kimoja cha kushoto, kama kuku anayedonoa. Kompyuta za bohari ya dawa ziliendeshwa na vijiprogramu alivyovitunga mwenyewe, na kila kimoja alikipa jina refu kama hotuba ya harusi, la kuandikwa lote ndipo kifanye kazi. Enzi za mkono mzima, urefu haukumsumbua. Sasa ulimtoa jasho, na bosi alikwishasema wazi: atakuja kumwangalia akifunga hesabu za mwezi. Akishindwa, astaafu.

"Wapishe wengine, baba watoto," mkewe alimwambia akimfunga vifungo vya shati. "Umeshafanya yako."

"Kichwa hakijapooza, mke wangu. Wala mdomo."

"Huo mdomo ndio nilioukatia tamaa."

Wakacheka, kicheko kikaishia njiani.

Akatunga programu moja zaidi: ya kupita kwenye folda, kusoma majina ya vijiprogramu vingine na kukipa kila kimoja jina la mkato la herufi mbili tatu, yote yawe tayari kila awashapo kompyuta. Ilipomaliza, moyo ukamtulia. Kisha akauona mkato wa ile programu ya kufuta kumbukumbu za zamani. Hiyo aliipa jina refu makusudi, mkono upate muda wa kuogopa. Dawa ikifutwa kimakosa, kuna mgonjwa mahali fulani atakayeambiwa haipo. Akaiamuru programu mpya iiruke.

Siku ya siku, bosi alisimama nyuma yake. Kazi zikateleza: herufi mbili, kitufe, herufi mbili, kitufe.

"Kumbe bado umo, mzee wangu!"

Ikabaki ya kufuta. Kidole kikaanza kudonoa. Kikakosea, akafuta herufi, akaanza upya.

"Hii haina mkato?"

"Niliinyima, bosi."

"Ya nini kujitesa? Sogea nikuandikie."

"Hapana. Hii niiandike mwenyewe, polepole."

"Na nikikuambia uharakishe?"

Kidole kikatulia juu ya kibodi. "Basi nitastaafu."

Bosi akaitazama saa yake, akautazama ule mkono uliolala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Akavuta kiti, akaketi.

"Andika, mzee. Mwezi ujao nikumbushe nije mapema."

Mzee Kebo hakugeuka. Bado alikuwa katikati ya jina.