Mtaalamu wa Prosesa

Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Elimu yangu ya prosesa za simu nimeipata juu ya ngazi, brashi mkononi, masikioni video za watu wanaofungua simu mpya na kuzisifia. Pale mtaa wa Soweto ninapoishi, mjini, watu walikuwa hawanunui simu bila kuniuliza. Nilikuwa nawaeleza kwamba prosesa ndiyo ubongo wa simu, na simu ya bei ya chini ina ubongo wa kuungaunga, na nilieleza hadi muulizaji akajuta kuuliza.

Mwenyewe nilinunua iliyotumika, ya daraja la juu, yenye prosesa ya kutisha. Picha zilifunguka kabla sijaondoa kidole. Kitu kimoja sikukitilia maanani: kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshaacha kuipelekea masasisho. Kwa miezi kadhaa programu ya kupigia video ilinionya kwamba itaacha kufanya kazi kwenye simu za zamani kama yangu. Kila mara nilibonyeza "baadaye," kwa sababu niliamini maonyo ya namna hiyo ni ya watu wenye simu za hovyo.

Mama, anayeishi kijijini Uru, mlimani, nilimnunulia mpya ya bei ya chini kabisa. Nilijiambia mtu wa mgombani prosesa kali ya nini. Yake ilipata masasisho yote, na kila sasisho liliiongezea uzito, hadi ungeweza kumaliza kukamua ng'ombe ukisubiri picha moja ifunguke.

Jumapili aliyobatizwa mtoto wa dada yangu huko Ujerumani, nilipanda Uru. Ni mjukuu wa kwanza wa mama, na hajawahi kumshika. Alichotaka ni kuyaona maji yakimwagwa kichwani, basi. Nilimwambia simu yake aiweke pembeni, leo tunatumia yangu. Nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikavuta kiti, nikabonyeza. Kwa kasi ya ajabu, kioo kikaandika kwamba programu haitumiki tena kwenye simu hii. Nikaizima, nikaiwasha. Ikanijibu yaleyale, haraka zaidi.

"Tutumie yangu," mama alisema. "Ngoja ninawe."

Alikuwa ametoka kumenya ndizi za kupikia supu ya mtori na vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Akachukua limau na majivu, akaanza kusugua. Nikamwambia dada anasubiri, mikono atanawa baadaye. Akanishangaa. Si mimi niliyemwambia simu inaganda kwa sababu ya utomvu?

Ni mimi. Mwaka uliopita alilalamika kwamba simu inakwama, nami badala ya kukiri nimenunua kitu gani, niliitazama mikono yake nikayasema hayo. Nilisahau kabla sijarudi mjini. Yeye tangu siku hiyo alikuwa hashiki simu bila kujisugua kwanza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Sikusema. Nilisimama nimemshikia kata ya maji kama mtu wa maana, yeye akasugua mpaka ngozi ikachubuka, akajifuta, akabonyeza kwa ncha ya kidole. Simu ikaganda. Akasubiri bila kuigusa, ameshazoea. Picha ilipotokea, padri alikuwa amemaliza. Tuliona taulo likimfuta mtoto kichwa, kwa vipandevipande, kisha simu ikakatika.

Mama aliiweka simu mezani.

"Ningenawa mapema," alisema, "ningeyaona maji."

Ndipo nikamwambia. Kwamba tatizo si mikono, ni simu. Kwamba niliichagua nikijua ilivyo. Na kwamba habari ya utomvu niliitunga papo hapo. Nilijiandaa kugombezwa, na mama yangu akigombeza, jirani wa tatu anaomba msamaha.

Aligeuza viganja, akavitazama huku na huku.

"Kwa hiyo mikono yangu haikuwa na kosa," alisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi nilitamani anizabe kofi.