Feni Iliyomhurumia Ami

Katika miaka yangu yote ya Dubai nimeshindwa kupunguza bei mara moja tu, na aliyenishinda alikuwa kiputo cha sabuni.

Kinu cha umeme wa nyuklia kilikuwa kinajengwa mbali na sisi, jangwani upande wa magharibi, na karakana yetu ya Dubai Investments Park iliunga mabamba ya chuma ya kupelekwa huko. Jengo la kinu ni zege nene, lakini zege peke yake haliaminiki kuzuia hewa, kwa hiyo ndani huvishwa chuma kama koti linavyotiwa bitana. Wahandisi walikuwa na jina lao la Kizungu. Sisi tuliita bitana, neno ambalo arbab wetu, yaani tajiri wetu Mwarabu, alilielewa bila kufasiriwa.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bitana haivuji. Unapaka maji ya sabuni juu ya mshono wa chuma, unaweka juu yake sanduku lenye kioo, mpira ukiwa chini, pampu inanyonya hewa iliyo ndani, nawe unainama kutazama. Pakiwa na tundu, hata dogo kuliko ncha ya sindano, hewa ya upande wa pili hupenya na kiputo kikainuka. Kisipoinuka, unasogeza sanduku mbele. Kazi hiyo niliipata kwa tabia tu. Nilikuwa mpakuzi wa stoo, mhandisi akaniona nikihesabu glavu, nikatia sahihi, kisha nikazihesabu tena. Hakujua kwamba Mombasa niliuza viatu vya mitumba Kongowea, ambako ukihesabu mara moja mteja huondoka na mguu wa kulia peke yake.

Mshono mzuri kuliko yote pale ulikuwa wa ami. Nilimwita hivyo ingawa hatukuwa ndugu. Watu wake walitoka Unguja, babu yake ndiye aliyehamia, na yeye alizaliwa Dubai, akasomea Dubai, akaoa Dubai. Hata hivyo, kukaa kwake kulitegemea viza ya kazi kama kulivyotegemea kwangu. Tofauti ni kwamba mimi nikifukuzwa nilikuwa na kwetu pa kurudi. Yeye, kwao ni hapo hapo.

Nilipofika sina mtu, ni yeye aliyenichukua Ijumaa ya kwanza hadi Al Ras, akanionyesha duka la viungo ambalo mwenyewe hakasiriki ukitaja nusu ya bei. Nilitaja robo. Ami aligeuka akatazama mizani kama hanijui.

Ramadhani ile iliangukia katikati ya joto. Zamu yetu iliishia magharibi, na mkewe alituletea futari: mihogo ya nazi, tambi, na chupa ya kahawa. Tulikula kwenye mkeka mbele ya stoo, pamoja na mtunza stoo, Mganda wa watu, ambaye si Mwislamu lakini hakuwahi kukosa futari hata siku moja.

Huruma yake ndiyo iliyotuponza. Alasiri moja alimwona ami ameinama juu ya bamba, jasho linamtiririka chini ya ngao ya uso, koo kavu tangu alfajiri, akaona si ubinadamu. Akaiburuta feni kubwa ya stoo na kumwelekezea mgongoni. Kwa mpishi ungekuwa wema. Kwa mchomeleaji ni balaa, kwa sababu chuma kinapoyeyuka hufunikwa na gesi inayotoka kwenye mashine, na upepo ukiipeperusha, mshono hubaki na vitundu.

Asubuhi yake niliweka sanduku juu ya mshono huo. Kiputo kikainuka. Nikafuta, nikapaka sabuni upya, nikabadilisha hata mpira wa sanduku, maana mpira uliochoka nao husingizia watu. Kikainuka pale pale, bila haraka, kama mwenye duka anayejua utarudi. Nikalizungushia tundu duara la chaki.

Kanuni ilikuwa wazi. Fundi aliyevujisha bitana husimamishwa mpaka aunge bamba la mtihani. Akishindwa, anatolewa kwenye bitana, na karakana haikuwa na kazi nyingine ya kumpa. Viza ingefuata.

Naijua biashara. Nilijua kabla ya jua kutua mtu atanijia aseme duara lifutwe kimyakimya, tundu lizibwe, nani atajua. Nilikuwa nimekula mihogo ya mtu huyu tangu Ramadhani ianze. Nikatunga jibu kutwa, nikalipima mara mbili, na kila nilipolipima lilipungua uzito.

Ami hakuja. Magharibi alinipakulia mihogo kama ya jana, kipande kikubwa juu, akaniuliza kama mama yangu kule nyumbani ameshapona mguu. Basi. Jibu langu likanilalia tumboni pamoja na tambi.

Kesho yake mhandisi aliuliza sababu. Mtunza stoo alikuwa amesimama mlangoni, kijivu usoni, ameshaelewa alichokifanya. Ami hata hakumtazama.

"Feni ilikuwa inanipiga, sir," alisema kwa Kiingereza. "Nilihisi upepo, nikasema alhamdulillahi badala ya kuinuka kuizima. Kosa langu."

Akaunga bamba la mtihani siku hiyo hiyo, na saumu yake. Mtunza stoo aliichomoa feni ukutani, akaikalia mpaka kazi ikaisha.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilipaka sabuni, nikasogeza sanduku kidogo kidogo, mhandisi akipumua juu ya bega langu. Kioo kilibaki safi hadi mwisho wa mshono. Mhandisi akasema khalas, yamekwisha, akafungua kalamu. Nami, mtu wa kuhesabu mara mbili, nililikunja bomba la pampu. Mara hii moja niliridhika na hesabu ya kwanza.

"Mwanangu," ami akasema nyuma yangu. "Hata chenji ya maji wahesabu mara mbili. Mshono wangu ndio wa kuhesabiwa mara moja?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Mhandisi hakuelewa Kiswahili chetu, lakini alielewa bomba lilivyokunjuliwa, akaifunga kalamu.

Nikaanza upya. Katikati ya mshono povu dogo lilijikusanya chini ya kioo, nikasogeza uso karibu, kisha likateleza likapotea; lilikuwa la brashi tu. Nikarudia sehemu hiyo peke yake. Nilichoona ni uso wangu kwenye kioo, na nyuma yake wa ami, ametulia kama anayesubiri mizani itulie. Mhandisi akaifungua tena kalamu, akatia sahihi.

Jioni ile adhana ilipokwisha alikula tende, akanywa maji, akanyoosha miguu mkekani. Mtunza stoo alikaa mbali kidogo, hathubutu kugusa chakula. Ami akampakulia yeye kwanza.

"Haya, bwana mkubwa," akamwambia. "Sasa ilete hiyo feni yako."

Akaileta mbio, akaichomeka, akamwelekezea ami. Kisha akaisogeza kidogo, na mimi nikapata upepo pia.