Mwalimu wa kamera alitaka kujua mama yangu kazaliwa wapi

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Hii siyo chai, imenitokea mwenyewe hapa Kigoma, na wanaonifahamu watanijua kwa maelezo tu.

Nasoma filamu na picha kwenye kachuo kadogo mtaa wa Mwanga, ghorofani juu ya mafundi cherehani. Kamera ni za kugombania.

Mwalimu wetu ni mgeni, kaja kutoka Dodoma. Kazi ya mwisho akatuambia kila mtu atengeneze filamu fupi ya mtu anayefanya kazi ya mikono. Mimi nikamchagua mama, anakausha dagaa mwaloni Kasingirima, kule mitumbwi inakoshusha samaki.

Sasa mwalimu ana sheria yake. Kabla ya yote, mtu aangalie kamera aseme jina kamili, kazaliwa wapi, na wazazi wake walitoka wapi. Eti ni kupima sauti.

Kupima sauti gani hiyo? Si angehesabu moja mbili tatu?

Wa mikoa mingine hamtanielewa. Bibi yangu ni Mbembe, alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa binti. Mama kazaliwa hapahapa Ujiji, lakini kila akifuatilia kitambulisho anaulizwa maswali hayohayo, kwa mpangilio uleule. Huku kwetu hilo siyo swali la kufungulia maongezi.

Nikaanza kumchunguza mwalimu. Memori kadi zote anakusanya, anafungia kabatini. Simu ikiita anatoka nje. Siku moja akaniuliza, "Mama yako bado anaongea Kibembe?" Nikamjibu hajui hata salamu. Uongo mtupu, mama akikasirika ni Kibembe tu.

Nikasema moyoni, huyu katumwa na uhamiaji.

Mama nilishamrekodi, kajitaja mpaka ukoo. Nikafuta yote kabla ya kurudisha kadi. Nikarudi mwaloni nikachukua mikono yake peke yake, inageuza dagaa, inachambua mchanga. Mwalimu nikamwambia ni ubunifu. Akasifia, nikazidi kumtilia shaka.

Siku ya maonyesho mama akaja na majirani zake, kavaa kitenge kipya.

Zikapita za wenzangu. Fundi viatu wa Kidahwe kajitaja, watu wakapiga makofi. Mama mmoja mfinyanzi akasema wazi kwamba baba yake alitoka Burundi. Makofi tena. Mwalimu akasimama akaeleza kuwa mtu lazima ajulikane ni nani kwanza, ndipo kazi yake iangaliwe.

Ikaja yangu. Mikono, dagaa, mikono tena. Majirani wakaanza kuulizana ni nani huyo.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika mlangoni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulinionea aibu?"

Wakuu, niliumia. Nikamweleza habari ya bibi, ya uhamiaji, ya kitambulisho. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema:

"Mimi maswali hayo naulizwa miaka yote, najibu ofisini peke yangu. Safari hii nilitaka kujibu mbele ya watu."

Akaingia ndani. Nimeshamwomba nimrekodi upya, anasema dagaa wamemchosha.

Mwalimu bado simwamini vizuri, zile simu za nje sijazielewa. Ila nimejifunza kwamba ukitaka kumficha mtu, muulize kwanza kama anataka kufichwa. Mimi sikumuuliza.

Wenye bibi waliovuka ziwa, nyie mngefanyaje? Semeni tu, hata wa kunisema nawasoma.