Pamba Nyeupe

Fundi wa kompyuta wa pale kona ana mdomo mrefu kuliko nyaya zake. Akiona dawa ya kupitisha joto imekauka juu ya prosesa, husema, "Hii imekauka kuliko bibi harusi wa juzi!" Huchovya pamba kwenye spiriti, hufuta akizungusha polepole, prosesa ameishika kama yai la kuazima. Pamba ikitoka nyeupe, kazi imekwisha. Leo pamba ilitoka nyeupe, akachovya nyingine, na nyingine tena. "Baba watoto, utaitoboa! Si inang'aa hiyo?" mkewe akacheka, ufagio mkononi. "Wewe fagia, mama. Hapa kuna bingwa." Lakini bingwa hakuiinua prosesa kwenye mwanga kama siku zote. Aliipapasa kwa ncha ya kidole, akainusa, kisha akaiweka mahali pake, alama ya pembeni inayoonyesha ikaeje ikiwa upande usio wake, akakandamiza. Pini za chini yake zikalia krr, zikapinda. Mkewe akaacha kufagia. Akasogea, akampungia mkono mbele ya uso, na uso haukucheza. "Baba watoto, na jicho hili la pili limekwenda?" Fundi akatafuta ukingo wa meza. "Funga mlango kwanza," akanong'ona, "wateja wasisikie."