Nusu ya Pili Ilivaa Kitenge cha Samaki

Wiki iliyopita nilirudi Biryogo, mtaa tuliokulia, mbiombio, rafiki yangu, jasho likinichuruzika. Dada yangu amelazwa. Kiharusi kimemnyang'anya sauti, na daktari kaniambia niongee naye mambo ya zamani, pengine atashtuka aseme neno. Na mambo yetu ya zamani ni yapi, kama si vitabu vya fundi cherehani?

Fundi huyo alikuwa jirani yetu. Mbele ya kibanda alishona kanzu, nyuma aliuza riwaya kuukuu za Kifaransa za watu wanaosafiri kwenye nyota, karatasi zikinuka mafuta ya mashine. Bei ya kitabu kizima nani angeiweza? Basi alikikata katikati kwa mkasi, akaishona kila nusu kwa cherehani na kuivisha kitenge. Nusu mbili za kitabu kimoja zilivaa kitenge kimoja. Ukimaliza ya kwanza unamuuzia tena, unaongeza kidogo, unachukua ya pili. "Msinirudishie na mchuzi!" alitufokea, maana alijua tunasoma huku tunakula maharagwe.

Dada alikuwa na haraka, yule! Nusu ya kwanza aliniachia, ya pili alikuwa ameshairudisha kabla sijaigusa. "Mwisho nitakusimulia," alisema, na jioni, mama akichambua mchele, alinisimulia. Kitabu nilichokipenda kupita vyote kilivaa kitenge cha njano chenye samaki. Baba anaondoka na chombo cha anga, watoto wanamngoja. Baba yetu naye alikuwa ameondoka na lori kwenda Kongo, na tukimuuliza mama, anauinamia mchele wake. "Anarudi," dada aliniambia. "Mlango unagongwa, wanafungua, ni yeye." Kwa sababu ya mlango ule nililala vizuri utoto wangu wote.

Sasa vichochoro vimepakwa rangi, na pale cherehani iliponguruma watu wanakunywa chai ya maziwa. Fundi alishafariki. Binti yake alinitazama kwa huruma. "Vitabu tuliuza kwa kilo, kaka. Lakini iko gunia moja ya vitambaa, angalia wewe mwenyewe."

Nilipekua kama kichaa mpaka nikaona samaki. Nusu ya pili! Niliisoma nimesimama palepale. Baba hakurudi. Chombo kilipotea, watoto wakazeeka wakingoja. Mlango haukugongwa hata mara moja.

Jamani, dada yangu! Naye alikuwa mtoto tu, anamlilia baba yuleyule, na mwisho ule akaumeza peke yake.

Nilikimbia hadi wodini. Alipoona kitenge macho yalimtoka. Nikasoma, nikasoma, na nilipofika ukurasa wa mwisho akanikazia macho, kwa sababu anajua kilichoandikwa pale.

"Mlango unagongwa," nikasoma. "Wanafungua, ni yeye."

Midomo ilimtetemeka. Sauti haikutoka, na haijatoka mpaka leo. Kila jioni namsomea mwisho wake yeye, si wa kitabu, halafu nasogeza sikio nikimsikiliza.