Mlango wa Wakamwana

Haya sikuhadithiwa, niliyaona mwenyewe, na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Usiniambie nilikuwa nimelewa kimpumu. Ilikuwa saa tisa mchana, hapa Tukuyu, ukungu umekaa mpaka dirishani, nami niko kazini kwenye kituo cha elimu ya watu wazima.

Zilikuwa zile siku za ruksa, kila jengo la umma limeambiwa lijitafutie riziki. Mkuu mpya wa kituo, mgeni huku kwetu, akaniita nigeuze darasa liwe ukumbi: dari mpya, rangi, kaunta ya soda, ili Jumamosi likodishwe kwa harusi. Sawa. Lakini katikati ya darasa kulikuwa na ukuta wa mianzi, na nyuma mlango wa pili. Alitaka vyote viondoke.

Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mwanamke akimwona mkwe wake kwa mbali anaacha njia, anajifunika. Sasa wote wawili wakitaka kusoma? Ndiyo maana ya ule ukuta. Wazee wanaingilia mbele, wanawake nyuma, mwalimu anasimama pale ukuta unapoishia, anafundisha pande zote. Hata dada yangu Atupele alikuwa anasoma hapo, huku baba mkwe wake akikohoa upande wa pili. Shida ya Atupele ilikuwa moja tu: asome mwenyewe mizani ya majani ya chai, maana karani alikuwa anamsomea anavyotaka yeye.

Nikamwambia mkuu, "Bosi, ukuta tuupake rangi tu. Nakupunguzia."

"Fundi, watu wazima hawachezi kujificha."

"Basi niachie mlango."

"Hapo panakaa friji."

Mimi kupatana ndiyo kazi yangu ya pili, lakini utapatana vipi na mtu asiyesikia? Nikavunja ukuta. Mlango wa nyuma nikauziba kwa mbao na misumari, kila msumari nikiugonga kwa hasira.

Kesho yake wenzangu walikwenda kula. Nilikagua ukumbi mara mbili, kawaida yangu, hamna mtu, nikainama kukoroga rangi. Nikasikia, "Fundi, mlango wetu umeupeleka wapi?"

Mwanamke amesimama kwenye zile mbao, uso ukutani, kitenge kichwani. Nikadhani ni mwanafunzi.

"Mama, siku hizi mnaingilia mbele."

"Mbele amekaa yeye."

Nikageuka. Kwenye benchi, karibu na mlango wa mbele, mzee mwenye koti refu ametupa mgongo, kibao cha kuandikia kiko mapajani. Akasema bila kugeuka, "Fundi, mwambie sigeuki. Ila na mimi nikisimama nitamwona."

"Mwambie nimesikia," mama akasema.

Chumba kimoja, mimi nimefanywa posta. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona jambo. Kwa baridi ile, kila nikipumua moshi ulinitoka mdomoni. Wao haukuwatoka.

"Tangu uvunje tuko hivi," mzee akasema. "Kuondoka hatuwezi. Nani alikutuma?"

Wewe ungefanya nini? Kukimbia? Mlango mmoja, na yeye amekaa hapo. Nikachukua nyundo nikazing'oa mbao zote. Mama akatoka kiubavu, uso kaufunika. "Ndaga," akashukuru, ukungu ukammeza. Nilipotazama benchi, mzee hayupo. Sakafu nzima vumbi la saruji, na nyayo ni zangu peke yangu.

Mkuu akaingia. "Nani kakuruhusu kufungua?" Nikamweleza. Akasema niache ushirikina, niuzibe. Nikamwambia ashike nyundo mwenyewe. Tulitukanana mpaka watu wakatoka sokoni kuja kutazama. Baadaye akaleta fundi kutoka Mbeya, akauziba kwa matofali.

Nilipomsimulia Atupele, alikaa chini polepole. "Kaka, huyo ni mama Tumpale wa Masoko na baba mkwe wake. Ukuta ulijengwa kwa ajili yao. Wote wawili tumeshawazika."

"Sasa wewe utasoma wapi?"

"Nipite mbele ya mkwe wangu? Bora nibaki nilivyo."

Hakurudi mkamwana hata mmoja. Harusi nazo zilikuja mara chache, zikaacha. Wapambaji walisema kuna mwanamke kwenye kona, ukimkaribisha hageuki. Mkuu akahamishwa, akaenda kupendezesha kwingine. Atupele mpaka leo anasomewa mizani, anapokea anachoambiwa, na kila akitoka kituo cha chai mimi ndiye ninayesaga meno.

Kwa hiyo wewe unayepewa kazi ya kupendezesha jengo la watu, usianzie ofisini. Anzia kwa wanawake, waulize wanapita wapi. Ukivunja kwanza, usije ukashangaa siku uko peke yako ndani, mtu akakuuliza yeye sasa atokee wapi.